Nani wa Kunitania Seattle?

Kwetu timu yako ikifungwa hupewi pole, unataniwa. Mei 2025, Simba ilipotoka 1-1 na RS Berkane pale Amaan, Zanzibar, na kulikosa Kombe la Shirikisho kwa yale mabao mawili tuliyofungwa Morocco, simu yangu iliita kabla wachezaji hawajatoka uwanjani. Kaka yangu, Yanga wa tumboni, alikuwa amepiga picha kabati la mama lenye vikombe vya chai, akaandika chini yake: "Msihuzunike, kwetu vipo vingi, njoo uchukue." Nikamkumbusha mwaka 2023, walivyolikosa kombe hilohilo mbele ya USM Alger, jumla 2-2, wakaumizwa na bao la ugenini. Akajibu. Nikajibu. Ilipofika jioni nikajikuta nimepika, nimekula, na hasira sijui imekwenda wapi.

Oktoba ya mwaka huohuo timu yangu nyingine ilitolewa, tena kwa namna mbaya kuliko ile ya Amaan, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitania. Nilikaa na msiba ule kama mtu aliyefiwa ugenini.

Timu yenyewe ni Seattle Mariners, yaani Mabaharia, ya besiboli. Naishi kusini mwa Seattle, upande wa Tukwila na Kent, ambako ukipanda basi unaweza kusikia Kiswahili cha Lubumbashi kiti cha mbele, cha Mombasa nyuma yako, na sisi wachache wa Bukoba tunajitambua kwa lafudhi. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani, kazi ambayo nusu ya Waafrika Mashariki ninaowafahamu hapa wamewahi kuifanya. Jioni huwa kwa bibi mmoja wa Kimarekani ambaye macho yake yamepungua nguvu lakini masikio yako timamu. Namwita Bibi tu, na yeye amelipenda jina hilo. Ndiye aliyeniambukiza.

Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa kuwalaza wagonjwa. Mtu anarusha, mtu anakosa, wote wanasimama wanakuna vichwa. Bibi alikuwa na tabia moja ambayo ndiyo iliyoninasa: televisheni inawashwa bila sauti, redio inawashwa kwa sauti kubwa, na mapajani anaweka daftari la kuandikia mchezo. Ni daftari lenye vyumba vidogo vidogo, kila mpigaji na chumba chake, na ndani ya kila chumba kuna umbo la almasi kama kiwanja chenyewe. Mtu akifika besi ya kwanza, kile kituo cha kukimbilia, unachora mstari mmoja, ya pili mstari wa pili, akizunguka mpaka nyumbani, pale alipoanzia kupiga, ni pointi, unaipaka almasi yote kwa penseli. Akitolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri aliyoikosa au kuiachia, unaandika K. Akitolewa amesimama tu, gongo begani, K inageuzwa, inaangalia nyuma kwa aibu. Macho yalipoanza kumsumbua, penseli ikahamia kwangu. Huwezi kuandika usichokielewa, kwa hiyo nikaelewa.

Kwa asiyeujua: kila timu inapiga zamu tisa, ziitwazo iningi, na zikiisha kwa sare zinaongezwa. Katika kila zamu, wapigaji watatu wakitolewa, mnabadilishana. Mpira haumalizwi na saa, unamalizwa na watu. Ukiwa mbele kwa pointi ishirini huwezi kupoteza muda wala kujiangusha ukishika goti. Lazima umtoe mtu wa mwisho kwa mkono wako. Na kitu ambacho mshabiki wa kandanda hawezi kukiamini mpaka akiishi ni wingi wa mechi. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba kila timu inacheza mechi 162. Karibu kila siku. Timu haikutembelei Jumamosi ikaondoka, inahamia kwako. Inakuwepo unapokata vitunguu, unapokunja nguo, unapompaka mtu mafuta miguuni. Sauti ya Rick Rizzs, mtangazaji wa redio wa Mariners, niliisikia majira yote yale ya joto kuliko sauti ya mume wangu, ambaye anafanya kazi usiku.

Lazima niseme kidogo juu ya shida za timu hii, kwa sababu ukichagua Mariners umejichagulia mtihani. Ilianza mwaka 1977, mwaka ambao kwetu CCM ilizaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Tangu hapo, katika timu 30 za ligi kuu ya Marekani, Mariners ndiyo pekee ambayo haijawahi kufika World Series, ile fainali ya mwisho kabisa. Sisemi kushinda. Kufika. Mwaka 1995 Edgar Martinez aliipiga ile dabo, pigo la kumfikisha mpigaji besi ya pili, dhidi ya Yankees katika iningi ya 11, Ken Griffey Jr. akakimbia kutoka besi ya kwanza mpaka nyumbani, na Bibi hadi leo anaisimulia kama mtu anayesimulia siku ya harusi yake. Baada ya hapo wakatolewa na Cleveland. Mwaka 2001, Ichiro akiwa mgeni kwenye ligi, walishinda mechi 116, rekodi iliyokuwa ya Chicago Cubs peke yao tangu 1906. Wakatolewa na Yankees. Halafu wakapotea kwenye mtoano mpaka 2022. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Ichiro alikuwa na umri wa kupiga kura. Na waliporudi, mechi ya kwanza ya mtoano nyumbani ilikwenda iningi 18, sifuri kwa sifuri, mpaka Jeremy Peña wa Houston akautoa mpira nje ya uzio. Bao moja. Kwaheri.

Kwa hiyo 2025 tuliishi nayo kwa tahadhari. Lakini Cal Raleigh alitukataza tahadhari. Huyu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji usiku kucha, kazi inayoua magoti. Wadakaji hawatarajiwi kupiga mipira mirefu. Jamaa akapiga homurani 60, yale mapigo ya kuutoa mpira nje ya uzio. Hakuna mdakaji aliyewahi kukaribia, rekodi yao ilikuwa 48, na hata Griffey mwenyewe katika jezi hiyo aliishia 56. Jina lake la utani ni Big Dumper, kwa sababu ya makalio yake, na amelikubali mwenyewe bila kununa. Nilipoeleweshwa maana yake nilicheka mpaka Bibi akaniuliza kama niko salama. Mtu mwenye jina kama hilo angeweza kabisa kuwa mchezaji wa Kariakoo. Usiku alioipiga ya 60, Septemba 24, ndio usiku ambao Mariners walitwaa ubingwa wa kanda yao ya magharibi, wa kwanza tangu 2001.

Mume wangu alinipeleka uwanjani mara moja msimu huo. Treni inatuacha hatua chache tu, honi za treni za mizigo zinasikika mpaka ndani mchezo ukiendelea. Nikapita kwenye vibanda vya chakula, nikaganda. Walikuwa wanauza panzi. Panzi wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu, kwenye kikombe kidogo, ni mambo ya Kimeksiko, na Wamarekani wamepanga foleni wakipigana picha wakijipa ujasiri. Mhaya mimi, niliyelelewa kwa senene, nikasimama pale nusu nacheka nusu nataka kulia. Nikanunua. Ni wadogo, wakavu, wana uchachu, na miguu hawajawanyofoa. Senene ni senene. Lakini nilikula wote, na mzungu aliyekaa pembeni yangu akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hapa kwa jambo lingine lolote.

Basi, mtoano. Oktoba 10 tuliwatoa Detroit katika mechi ya tano, iningi 15, karibu saa tano za mpira. Ilianza saa kumi na moja jioni na ikamalizika saa nne usiku, Jorge Polanco akipiga ule mpira uliomleta mtu nyumbani, 3-2. Usiku huohuo, katika mbio za vichekesho za watu waliovaa kama samaki uwanjani, yule samaki aitwaye Humpy, ambaye alikuwa ameshindwa msimu mzima, alishinda kwa mara ya kwanza. Nani angeona ishara kama hiyo akabaki na akili timamu? Muda wangu wa kazi ulikuwa umeshapita zamani. Aliyekuja kunipokea alivua koti akakaa na yeye, na tulikuwa wanawake watatu tunaomwombea Polanco kwa lugha tatu.

Mbele yetu wakabaki Toronto Blue Jays, wa kwanza kushinda mechi nne anakwenda World Series. Timu hii nayo ilizaliwa 1977, pacha wetu, ila pacha aliyefanikiwa: ilitwaa World Series 1992 na 1993. Na Toronto anaishi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

Msomaji wa kwetu nadhani ameshaona utamu wake. Shemeji ni mtani halali. Hata bila mpira ana ruhusa ya kuniambia chakula changu hakina chumvi na mimi nina ruhusa ya kumwambia ataoa lini. Tulipowafunga mechi mbili za kwanza kwao, 3-1 na 10-3, nilimpigia simu ya picha nikiwa nimevaa kofia ya Mariners, nikamwambia mahari ya kaka yake sasa imerudi yote. Wakaja Seattle wakatufunga mbili, ya kwanza 13-4. Ikawa zamu yake. Mechi ya tano, Raleigh akasawazisha iningi ya nane, na dakika chache baadaye Eugenio Suárez akautoa mpira nje besi zote zikiwa zimejaa, pointi nne kwa pigo moja, 6-2. Nilituma ujumbe wa sauti ambao ulikuwa ukelele mtupu, vigelegele vya harusini. Ushindi mmoja tu ulikuwa umebaki.

Mechi ya sita tukapoteza kule Toronto. Ya saba ilikuwa Jumatatu, Oktoba 20.

Sasa, kuna jambo la kiufundi ambalo lazima nilieleze. Televisheni ya Bibi inapitia intaneti, kwa hiyo picha inachelewa. Redio yake ni redio ya kawaida, ya mawimbi, na inatangulia. Msimu mzima tulizoea: unasikia kwanza, unaona baadaye. Jambo jema linakuja mara mbili. Julio Rodríguez alipotoa mpira nje iningi ya tatu, tulishangilia kwa redio halafu tukashangilia tena kwa picha. Raleigh iningi ya tano, hivyohivyo. 3-1 sisi.

Iningi ya saba. Bryan Woo anarusha. Anampa Addison Barger besi ya bure. Isiah Kiner-Falefa anapiga, besi mbili zina watu. Andrés Giménez anaugusa mpira kwa makusudi, anakubali kutolewa yeye ili wenzake wasogee, wa pili na wa tatu. Kocha Dan Wilson anatoka, anamchukua mpira Woo, anampa Eduard Bazardo. Anayefuata ni George Springer. Huyu Springer siku tatu nyuma Woo alimpiga na mpira kwenye goti kule Seattle, akatoka akichechemea, na baadhi ya watu wetu uwanjani wakamzomea. Sikupenda nilipoona vile. Bibi pia alinyamaza.

Kwenye picha Bazardo alikuwa bado anamsikiliza mdakaji wake, mpira mkononi. Kwenye redio nikasikia kelele za uwanja wa Toronto zikipanda, zile kelele ambazo hazihitaji mtangazaji. Nikajua. Bibi akajua. Na mbele yetu Bazardo bado amesimama, hajarusha, Springer anatikisa gongo lake, kila kitu kiko salama, 3-1. Nataka kusema ukweli kwamba katika zile sekunde niliiomba ile picha isitembee. Ikatembea. Akarusha, Springer akapiga, mpira ukaenda kushoto, 4-3.

Tulikuwa tumebakiza watu wanane wa kuwatoa. Wanane tu, baada ya miaka 48.

Bibi aliniuliza: "Besi ya tatu alikuwepo nani?"

Nikamwambia, Bibi, inajalisha nini sasa hivi?

"Inajalisha kwa sababu unaandika."

Alikuwa Barger. Nikapaka almasi ya Barger, nikapaka ya Kiner-Falefa, nikapaka ya Springer. Penseli ilikuwa butu, ikabidi niende jikoni kuichonga, nikarudi, nikamalizia. Iningi ya tisa, mtu wa mwisho alikuwa Julio. Jeff Hoffman akamrushia, Julio akapunga gongo hewani. K ya kawaida, siyo ya kugeuzwa. Bibi akataka niandike saa ya kumalizika na tarehe kama anavyotaka siku zote, akataka dawa zake, akalala. Mwanamke huyu aliwahi kuishabikia hata ile Seattle Pilots ya mwaka 1969, iliyocheza msimu mmoja ikafilisika ikahamishiwa Milwaukee. Anajua kupoteza timu nzima.

Mimi sikujua. Nilirudi nyumbani nikakaa ndani ya gari nje ya nyumba, simu mkononi, nikisubiri. Nilikuwa najua kabisa nini kinafuata. Shemeji ataanza na kicheko, halafu atauliza ile mahari imerudi wapi tena. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, kwamba kumfunga pacha wako aliyezaliwa bila bahati siyo sifa.

Simu haikuita. Asubuhi ukaja ujumbe mmoja: "Pole sana shemeji. Mlicheza vizuri." Na emoji ya mikono miwili iliyokutana.

Nilihisi nimetukanwa.

Mji mzima ulikuwa hivyo. Kwenye kituo cha treni cha Tukwila watu wamevaa kofia zao zenye dira, wanaangaliana, wanatikisa kichwa. Mwenye duka, pole. Dereva, pole. Kanisani kwetu, ambako tunasali kwa Kiswahili na wengi wanaona besiboli ni mchezo wa kusimama, mchungaji aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Hakuna Yanga Seattle. Hakuna jirani wa upande wa pili, hakuna mtu wa kijiweni wa kukupigia mluzi ukipita. Wote wamefiwa, na msiba ambao wote ni wafiwa hauna mtu wa kuchekesha watu wakati chai inapikwa. Kwetu hata kwenye msiba wenyewe, watani wanakuja, wanajilaza kaburini, wanadai pesa ndiyo watoke. Hawaji kwa sababu hawana adabu. Wanakuja kwa sababu mtu akikuonea huruma unabaki na kitu chako mkononi, unakiangalia tu. Mtani anakulazimisha ujibu, na huwezi kujibu huku umelala.

Kwenye redio ya michezo wiki ile watu walikuwa na kitu kimoja tu: kwa nini Wilson hakumleta Andrés Muñoz, mrushaji wetu bora wa kumalizia mechi, wakati wa Springer? Nilikuwa nasikiliza nikiendesha, na nilikuwa nakubaliana nao kwa sauti, peke yangu, barabara ya I-5. Halafu nikafika kazini nikaendeleza hoja kwa Bibi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanikumbusha kwamba Bazardo huyohuyo ni mmoja wa waliotubeba usiku wa iningi 15, na kwamba siku ile nilimwita mtoto wa nyumbani. Akasema Muñoz naye ana mkono tu. Halafu akaniomba nimsogezee mto. Sikushawishika sana, nikiri. Mpaka leo ningemleta Muñoz. Lakini niliacha kuwasikiliza wale wa redio, kwa sababu mjadala ule haukuwa na mpinzani ndani yake. Walikuwa wanapokezana kidonda kilekile.

Kilichouma zaidi hata hivyo hakikuwa Springer. Ilikuwa jioni ya kesho yake, saa ileile, vitunguu vilevile, na redio haina mechi. Shabiki wa kandanda akifungwa fainali, wiki yake inabaki na umbo lake. Besiboli ikiisha, inakuachia pengo la kila siku, la saa tatu tatu, mpaka masika. Nilijaribu tamthilia, Bibi akasinzia. Kilichosaidia kilikuwa ramani tu: saa moja jioni ya Seattle mwezi Oktoba ni saa kumi na moja alfajiri Bukoba, na mama yangu anaamka muda huo. Nikaanza kumpigia nikiwa jikoni kwangu siku nisizo kazini. Mama hajui besiboli, lakini alikuwa ameshasikia kwa kaka yangu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hao mabaharia wako, meli imezama tena?" Nikacheka mpaka nikashika meza. Alikuwa wa kwanza.

Siku hiyohiyo nikampigia shemeji. Nikamwuliza, wewe umepatwa na nini? Akababaika. Kumbe mume wangu alikuwa amempigia usiku ule wa Jumatatu, akamwambia: mke wangu amekaa ndani ya gari hataki kuingia, tafadhali usimguse. Kwa mapenzi yake yote, alikuwa ameniziba pumzi. Nikamwambia shemeji, nakupa ruhusa rasmi, anza. Akasita, akajaribu kitu kidogo kuhusu goti la Springer. Dhaifu. Nikamwambia hata Yanga wa chekechea anakuzidi. Hapo akapandwa na mori. Akanikumbusha vile vigelegele vya mechi ya tano, akasema ameviweka kama mlio wa simu yake, na kwamba kila bosi wake anapompigia, ofisi nzima inamsikia shemeji yake akisherehekea ubingwa wa timu iliyotolewa. Akaniuliza kama Cal Raleigh atazitumia homurani zake 60 kulipia tiketi ya kuangalia World Series. Niliumia vizuri kabisa. Nilipokata simu nikamwambia mume wangu apashe moto chakula.

Kisha ikaja Novemba 1. Toronto wako kwao, mechi ya saba ya World Series dhidi ya Los Angeles Dodgers. Bo Bichette alishawapa pointi tatu mapema kabisa, tena dhidi ya Shohei Ohtani mwenyewe. Iningi ya tisa wanaongoza 4-3, wamebakiza watu wawili wa kuwatoa. Miguel Rojas, mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamwogopa, akautoa mpira nje. Iningi ya 11, Will Smith naye. 5-4. Nilikuwa naangalia na Bibi, penseli mkononi, kwa sababu alisisitiza kwamba msimu haujaisha mpaka uishe hata kama ni wa wengine. Sikushangilia. Nilijua tumbo la mtu wa Toronto linahisi nini dakika ile, nililijua kwa undani.

Ni kwa sababu hiyohiyo nikachukua simu palepale. Nikatuma ujumbe wa sauti: "Shem, naomba unisaidie hesabu. Sisi tulibakiza watu wanane. Nyie mmebakiza wangapi? Wawili? Kumbe kweli mnatuzidi kwa kila kitu." Bibi akataka nimtafsirie. Nilipomtafsiria akasema huo ni ukatili, halafu akaniuliza amejibu nini.

Alikuwa hajajibu. Dakika kumi, ishirini. Nikaanza kuogopa kwamba nimevuka. Halafu ukaja ujumbe wa sauti, mwanzo wake kimya kirefu, pua inavutwa, halafu: "Shemeji, wewe ni mchawi." Na nyuma yake nikasikia watu wanacheka, vijana wenzake wa Kitanzania waliokuwa wamekusanyika kuangalia, na mmoja anapaza sauti anataka kujua huyo dada ni nani na ni timu gani. Akaambiwa Mariners. Akasema, aaah, wale ambao hata hawajawahi kufika? Wakaangua kicheko kingine, safari hii cha kwangu. Nilikipokea.

Tangu hapo hatujaachana. Katikati ya Novemba Raleigh aliposhindwa tuzo ya mchezaji bora na Aaron Judge wa Yankees, kura 13 za nafasi ya kwanza kwa 17, shemeji alikuwa na maneno. Josh Naylor alipokubali kubaki Seattle kwa miaka mitano, maneno yalikuwa yangu. Tumewekeana dau kwa msimu wa 2026: timu itakayokaa juu ya mwenzake kwa idadi ya ushindi, aliyeshindwa ananunua senene. Yeye alitaka tuhesabu wale wa uwanjani kwetu kuwa wanafaa, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Nimekataa. Ni wa Bukoba, waliochambuliwa, mabawa na miguu imetoka, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe, kopo kubwa. Mume wangu ndiye mwamuzi, na ameshatangaza kwamba refa analipwa kwa robo kopo, ashinde nani asishinde.